Mwongozo kamili: imeili inavyosoma majina na anwani unazoandika pale kwenye "To"

Watu wa IT maofisini wanalijua hili lalamiko, "nimetuma kwa kamati nzima mbona nusu hawajapata", au lile lingine la "nimeandika jina vizuri kabisa afu inaniambia anwani haieleweki". Mara nyingi hapo mtandao uko poa na seva iko hai, ni koma moja tu imekaa pasipo pake. Programu ya imeili haisomi kama mtu. We ukiona "Mushi, Asha" unajua ni mtu mmoja, yenyewe inaona alama, na kila alama ina kazi yake iliyopangwa miaka mingi kabla hata Gmail haijazaliwa.

Mifano yote hapa natumia example.com, hiyo domeni ilitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, hamna mtu anayepokea barua huko.

HATUA YA 1: Vijue vipande vyenyewe

Anwani iliyokamilika inakaa hivi:

"Mama Neema" <neema@example.com>

Kuna jina ndani ya funga na fungua semi, alafu kuna anwani ndani ya vile vimshale viwili. Huu mpangilio uliandikwa kwenye kanuni inayoitwa RFC 822 ya mwaka 1982, ikarekebishwa 2001, ikarekebishwa tena 2008 ikaitwa RFC 5322, na mpaka leo Gmail, Outlook, Thunderbird, simu yako, wote wanafuata hiyo hiyo, kila mmoja na uvivu wake.

Seva inayosafirisha barua haina habari na jina. Inachukua kilichomo kwenye vimshale basi. Inaangalia upande wa kulia wa @, inauliza hiyo domeni inapokelea barua wapi, inapeleka huko, na upande wa kushoto inaiachia seva ya huko iamue ni nani. Hiyo @ yenyewe aliiweka Ray Tomlinson mwaka 1971 kutenganisha mtu na kompyuta yake na haijabadilika kazi. Jina la mbele ni kama yale maneno yanayochorwa nyuma ya daladala, yanapendeza, yanasomeka, lakini gari linakwenda kwa kibao cha njia. Ukilishika hili mengine yote hapa chini yatakuingia kirahisi, hasa ile sehemu ya matapeli.

Ukiandika anwani peke yake bila jina, vimshale havihitajiki, neema@example.com inatosha. Herufi kubwa na ndogo usihangaike nazo, upande wa domeni hazina maana kabisa, na upande wa kushoto kanuni inaruhusu seva izitofautishe ila huku mtaani huduma za kawaida hazifanyi hivyo. Nafasi ndo tatizo. "asha mushi@example.com" ni kosa, haiwezi kusomeka kama anwani moja, na sehemu nyingi itakuja na rangi nyekundu.

Nukta nazo zina mambo. Kwa akaunti za kawaida za gmail.com, asha.mushi na ashamushi ni mtu yule yule, Gmail inazipuuza nukta. Lakini usilichukue hilo ukalipeleka kwenye imeili ya ofisi, huko nukta ikikosekana ni mtu mwingine au hayupo kabisa.

HATUA YA 2: Jua programu yako inatenganisha watu kwa alama gani

Kanuni inasema watu wanatenganishwa kwa koma. Gmail inafuata hivyo, Thunderbird pia. Outlook ya kwenye kompyuta yenyewe inataka semikoloni, hii ; hapa, na sababu yake ina mantiki kidogo: kwenye makampuni makubwa majina yanahifadhiwa kwa kuanza na ukoo, "Mushi, Asha", sasa koma ingekuwa inakata watu vipande kila siku.

Ndo maana listi uliyoitoa kwenye Gmail ukiipesti kwenye Outlook inagoma. Ukitaka Outlook ya kompyuta (ile ya zamani, classic) ikubali koma nenda File, Options, Mail, shuka mpaka kwenye sehemu ya kutuma meseji utaona "Commas can be used to separate multiple message recipients", weka tiki. Ila ukishaweka tiki jua umejifungulia mlango wa tatizo linalofuata.

HATUA YA 3: Alama zinazovuruga majina

Hapa ndo penye kazi, soma taratibu.

Koma. Umeandika hivi:

Mushi, Asha <asha@example.com>

Programu inayotenganisha kwa koma inasoma watu wawili, wa kwanza anaitwa Mushi hana anwani, wa pili ni Asha mwenye anwani. Asha atapata. Sasa huyo "Mushi" inafanyaje naye? Inategemea. Gmail itakwambia haimwelewi. Outlook ya ofisini inaenda kumtafuta kwenye orodha ya wafanyakazi, na ikikuta kuna Mushi mmoja tu inampigia mstari chini na kumchukua, haikuulizi. Yani barua ya mshahara wa Asha inaweza kwenda na kwa Mushi wa stoo ambaye hahusiki, na wewe umeona mstari umetokea ukajua mambo safi. Kuna mifumo ya zamani pia ukiandika neno bila @ inaligundishia domeni ya hapo hapo ofisini na kujaribu kutuma.

Nukta mbili. Hii wengi hawaijui kabisa. Ukiandika

Kamati ya Harusi: Mama Neema <neema@example.com>

kwa kanuni umefungua kundi. Nukta mbili maana yake "kundi linaanza hapa, jina lake ndo hilo lililotangulia", na linafungwa kwa semikoloni. Usipolifunga, programu nyingine zinasamehe, nyingine zinakataa, nyingine zinameza "Kamati ya Harusi" na kubaki na Mama Neema. Umeshawahi kupokea imeili kwenye "To" pameandikwa undisclosed-recipients:; na ukashangaa huo mkia wa alama? Ndo hiyo hiyo, ni kundi lenye jina lisilo na mtu ndani, limefunguliwa na kufungwa hapo hapo, watu wote wamefichwa kwenye Bcc.

Mabano. Asha Mushi (Mhasibu) <asha@example.com>, hapo neno Mhasibu linaweza kupotea lisionekane upande wa pili, kwa sababu kwenye kanuni kilichomo kwenye mabano ni maelezo ya pembeni tu, siyo sehemu ya jina. Zamani watu walikuwa wanaandika anwani kwanza alafu jina kwenye mabano, asha@example.com (Asha Mushi), na programu nyingi bado zinaielewa hiyo staili.

Alama ya @ ndani ya jina, kama "Msaada@Duka", hiyo usijaribu bila semi, programu inadhani anwani imeanza pale. Nukta za kwenye Dkt. na Mwl. kanuni kali inazikataa zikiwa wazi, ila kiuhalisia karibu kila programu inazipitisha, usiumize kichwa.

Alafu kuna ile apostrofi ya ng', yenye Ng'ang'a na Wang'ombe na wenzao. Hiyo ' ya kawaida ya kwenye kibodi inaruhusiwa kabisa, kwenye jina na hata kwenye anwani yenyewe upande wa kushoto wa @. Fomu za kwenye tovuti zinazokataa jina la mtu sababu ya apostrofi zinakosea zenyewe, kanuni haina shida na Wakenya. Shida inakuja simu au Word inapoibadilisha ile ' iliyonyooka ikawa ’ iliyopinda. Iliyopinda haimo kwenye herufi za msingi, kwa hiyo programu inalazimika kulifunga jina kwenye kodi (code) za kompyuta ndo lisafiri, na likiharibika njiani mtu wa pili anaona hivi:

=?UTF-8?Q?Ng=E2=80=99ang=E2=80=99a?=

Ukiona mdudu kama huyo siyo virusi. Ni jina la kawaida limekwama kwenye vazi lake la safari, ile E2 80 99 ndo apostrofi iliyopinda. Kanuni ya sasa ya mfumo huu wa kufunga ni ya mwaka 1996, na kinachosababisha usifunguke mara nyingi ni mtu au programu kuuweka ndani ya semi, ambako hautakiwi kufunguliwa.

Dawa ya karibu yote haya ni moja, zungushia jina semi:

"Mushi, Asha (Mhasibu)" <asha@example.com>

Ndani ya semi koma ni koma tu, mabano ni mabano tu, hayana kazi yoyote. Ila semi zenyewe lazima ziwe zile zilizonyooka, hizi " ". Ukiandika kwenye Word, Notes ya iPhone au sehemu yoyote inayopendezesha maandishi, zinageuka “ ” na hizo zilizopinda kwa programu ya imeili siyo semi, ni mapambo, koma iliyomo ndani inakata kama kawaida. Mtu anasema "mbona nimeweka semi na bado", kumbe ameweka zile za Word. Kopi kwanza uzipitishe Notepad alafu uzibadilishe.

Na mtu mwenye jina la utani ndani ya jina, Juma "Jembe" Ally, kila semi ya ndani inatakiwa itanguliwe na mkwaju wa kurudi nyuma, \" hivi. Mimi naona bora utoe tu hilo Jembe kwenye listi, ataelewa.

HATUA YA 4: Kutengeneza listi ya watu wengi kutoka Excel

Tuseme wewe ni katibu wa SACCOS au mwalimu wa darasa, una majina kwenye safu A na anwani safu B. Usianze kuandika mmoja mmoja. Kwenye C2 weka hii:

=CHAR(34)&TRIM(A2)&CHAR(34)&" <"&TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""))&">"

CHAR(34) ni semi iliyonyooka, kwa hiyo hapo hamna wasiwasi wa kupinda. TRIM inakata nafasi za mwanzo na mwisho. Ile SUBSTITUTE ya 160 ni kwa ajili ya nafasi fulani isiyokatika ambayo inakuja ukikopi kutoka kwenye tovuti, kwa macho ni nafasi ya kawaida kabisa ila TRIM haiioni, na anwani inakataliwa bila wewe kuelewa kwa nini. Kompyuta yako ikiikataa fomula, jaribu kubadilisha koma za ndani ziwe semikoloni, inategemea Windows imewekwa setingi za nchi gani.

Buruta chini mpaka mwisho, alafu kwenye selo ya pembeni:

=TEXTJOIN(", ",TRUE,C2:C60)

Hiyo ni ya Gmail. Ya Outlook weka "; " badala ya ", ". TEXTJOIN ipo kuanzia Excel 2019 na kwenye Google Sheets ipo. Kabla hujapesti pitisha macho safu B utafute vitu hivi: anwani iliyomaliziwa na nukta kwa sababu ilikopiwa mwisho wa sentensi, anwani mbili kwenye selo moja zimetenganishwa kwa mkwaju (/), na anwani iliyoandikwa "at" badala ya @, kuna watu wanafanya hivyo kukwepa spamu.

Pesti kwenye Bcc, siyo To, wanachama hawana sababu ya kupewa anwani za wenzao. Kwenye To jiweke mwenyewe. Akaunti ya Gmail ya kawaida inakubali watu wasiozidi 500 kwenye barua moja, ukizidisha unafungiwa kutuma kwa muda.

HATUA YA 5: Majina inayokukumbusha yenyewe

Ukianza kuandika "as" inakuletea Asha, ukibonyeza Enter haraka umeshamchagua Asha ambaye programu inamjua, siyo lazima awe yule unayemtaka. Makosa mengi ya kutuma barua kwa mtu asiye yeye yanatokea hapa. Zaidi ni kwa mtu mwenye anwani mbili, ya zamani ya kazi aliyoacha na mpya, jina linatokea lile lile, anwani ni ya kule alikoondoka.

Kwenye Outlook likitokea pendekezo bovu sogeza mshale juu yake, kuna alama ya X pembeni, bonyeza limekwenda. Kwenye Gmail haifutiki hapo hapo, fungua contacts.google.com uende kwenye "Other contacts", huko utakuta watu ambao hujawahi kuwasevu kwa mkono, Gmail imewaweka yenyewe kwa sababu uliwaandikia, futa unaowaona hawafai.

Na hili liko chini ya pua za watu: jina ulilomsevia mtu kwenye imeili linaweza kusafiri na barua. Umemsevu mtu "Dalali Muongo" kwenye kontakti za imeili, ukimtumia barua programu inaandika kwenye To "Dalali Muongo" na anwani yake, naye akifungua anasoma, na wote uliowaweka kwenye Cc wanasoma. Majina ya utani yaache kwenye simu ya kupiga. Na hata huko angalia, kama kontakti za simu yako zimeunganishwa na akaunti ya Google ni orodha moja hiyo.

HATUA YA 6: Jina lako wewe

Nenda ukaliangalie leo maana watu wengi wanaomba kazi na jina linasomeka "samsung a10" au jina la mdogo wao aliyewafungulia akaunti. Gmail kwenye kompyuta: setingi, "Accounts and Import", pale kwenye "Send mail as" bonyeza "edit info", andika jina. Thunderbird ni kwenye setingi za akaunti, kwenye "Your Name". Usiweke semi mwenyewe pale, programu inaziweka ikiona zinahitajika, ukiziweka wewe zinaweza kutokea mbele ya watu. Alafu jitumie barua kwenye akaunti nyingine uone linavyotokea, lakini kwanza hakikisha hiyo akaunti nyingine haijaseviwa jina lako, la sivyo utaona ile iliyoseviwa na siyo inayotumwa.

HATUA YA 7: Kusoma jina la anayekutumia

Sasa geuza upande. Kama jina ni maandishi tu ya kujiandikia, hata tapeli anajiandikia. Anaweza kufanya hivi:

"huduma@benki.example" <xk7702@example.net>

Simu yako kwenye orodha ya barua inakuonyesha jina peke yake, na jina limeandikwa likafanana na anwani ya benki. Halijavunja kanuni yoyote. Kuna ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC unaofanywa na seva kuona kama barua imetoka kweli kwenye domeni inayodai, ni mzuri, ila unakagua domeni, jina haligusi, kwa hiyo barua kama hiyo inaweza kupita ukaguzi wote vizuri kabisa kwa sababu ni kweli imetoka example.net.

Kwenye Gmail ya simu fungua barua, bonyeza kale kamshale kadogo chini ya jina la mtumaji, anwani kamili inatokea. Soma kutoka kulia kwenda kushoto. Mwisho wa domeni ndo mwenye mali: benki.co.tz.malipo.example ni ya malipo.example, hiyo benki.co.tz iliyotangulia ni urembo. Kisha angalia kama kuna "reply-to" iliyo tofauti, maana barua inaweza kutoka kwa bosi kweli kwa muonekano na jibu lako likaenda kwa mwingine. Ukitaka kuona kila kitu, Gmail ya kompyuta bonyeza nukta tatu chagua "Show original", Thunderbird ni Ctrl+U, Outlook ya zamani (classic) ni File alafu Properties ndani ya barua yenyewe.

HATUA YA 8: Barua ikirudi

Ile barua ndefu ya Kiingereza kutoka kwa "Mail Delivery" usiifute, tafuta namba tatu zenye nukta. 5.1.1 domeni ipo ila mtu huyo hayupo, kwa hiyo kosa liko kushoto kwa @. 5.1.2 domeni ndo mbovu, angalia kulia. 5.1.3 umeandika vibaya kimuundo, rudi Hatua ya 3. 5.2.2 kasha lake limejaa, mpigie simu afute vitu.

Isiporudi ndo ngumu zaidi, kwa sababu inaweza kuwa imefika kwa mtu mwingine. Ukisahau .tz kwenye anwani ya .co.tz unabaki na .co, na .co ni ya Kolombia. Kadhalika .ke ikidondoka. Ukiandika .com ukaruka herufi unaweza kuangukia .cm ya Kameruni au .om ya Omani, zote ni domeni halali za nchi, na kama kuna mtu kasajili jina hilo huko na anapokea barua basi kapokea yako, hamna cha kurudi. Kwa hiyo kwenye Gmail ingia setingi kwenye "Undo Send" uipandishe kutoka sekunde 5 mpaka 30, ndani ya muda huo barua haijaondoka bado. Ile "Recall" ya Outlook usiitegemee kwa mtu wa nje, inafanya kazi kwa watu wa ofisi moja kwenye mfumo mmoja, barua ikishatoka nje ya geti imetoka.